Maswali ya Wasomaji: Yai la kondori, kutoka droo za wakusanyaji hadi mashine ya kutotolea

Katika toleo lililopita tulichapisha makala fupi kuhusu kondori wa California, tumbusi mkubwa wa Marekani ambaye mwaka 1982 alikuwa amebaki na ndege 22 tu duniani kote. Makala hiyo imeleta barua nyingi kuliko tulivyotarajia, hasa kutoka Dodoma na wilaya za jirani, na karibu zote zinauliza habari za mayai. Tumechagua nne. Kama ilivyo kawaida ya safu hii, tunataja mahali barua ilikotoka bila kutaja jina la mwandishi.

Mwalimu wa sekondari, Mpwapwa, anauliza: Makala yenu ilisema kwamba wakusanyaji wa mayai walichangia kumpunguza kondori, kisha aya mbili mbele ikasema kwamba ndege huyo aliokolewa kwa kuchukuliwa mayai yake. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili wameniuliza waamini lipi. Aidha, wangependa kujua watu wa kwanza waliomwona ndege huyo waliandika nini.

Jibu: Mwalimu, waambie wanafunzi kwamba maelezo yote mawili ni ya kweli. Kinachoyatofautisha ni jinsi mchukuaji alivyojua, au alivyokuwa hajui, kinachotokea pangoni baada ya yai kuondolewa, na ujuzi huo ulichelewa sana kupatikana kwa sababu watu wa kwanza walioandika habari za kondori hawakuwa wamekiona kiota chake.

Taarifa ya kale zaidi iliyoandikwa na Mzungu hutajwa kuwa ya padri Antonio de la Ascensión, aliyekuwa katika msafara wa Kihispania uliotia nanga Monterey, katika pwani ya California, mwishoni mwa mwaka 1602. Kwa wenyeji wa California ndege huyo hakuwa mgeni hata kidogo. Walikuwa wameishi naye kwa maelfu ya miaka, na katika baadhi ya jamii zao manyoya yake yalitumika katika ibada na ngoma. Mwaka 1792 Archibald Menzies, tabibu na mtaalamu wa mimea katika msafara wa nahodha George Vancouver, alipata kondori mmoja huko huko Monterey, ngozi ikasafirishwa hadi London, na mwaka 1797 George Shaw akampa ndege huyo jina la kisayansi. Msafara wa Lewis na Clark, wapelelezi wa Kimarekani, ulimkuta karibu na mlango wa mto Columbia, nje ya California, mbali upande wa kaskazini, mwaka 1805 na tena mwaka 1806, na walipompima mabawa yaliyonyooshwa walipata zaidi ya futi 9.

Ukizipanga taarifa hizo pamoja, utaona kwamba nyingi ni vipimo vya ndege aliyekwisha kuangushwa kwa bunduki. Habari za uzazi waliziokota kwa kusikia. David Douglas, Mskochi aliyezunguka nchi ya mto Columbia katika miaka ya 1820 akikusanya mimea, aliandika kwa kutegemea maneno ya wawindaji kwamba ndege huyu hujenga juu ya miti mirefu katika sehemu za ndani kabisa za misitu, na kwamba hutaga mayai mawili meusi. Karibu kila kitu katika maelezo hayo si sahihi. Kondori hajengi kiota cha vijiti. Hutaga juu ya mchanga au changarawe ndani ya pango la jabali, na mara chache ndani ya uwazi wa mti mkubwa mno. Hutaga yai moja tu, jeupe lenye rangi hafifu ya kijani au buluu, lenye urefu wa sentimita 11 hivi na uzito unaokaribia gramu 280, ambao ni uzito wa mayai matano ya kuku. Hata hivyo, mayai mawili meusi yaliendelea kunakiliwa vitabuni kwa miaka mingi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na yai halisi la kuyakanusha. Mwaka 1859 ndipo Alexander Taylor, mkazi wa Monterey, alipochapisha maelezo ya yai na kinda waliopatikana katika milima ya karibu.

Kisha wakaja wakusanyaji. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kukusanya mayai ya ndege ilikuwa burudani ya heshima Uingereza na Marekani, yenye vyama vyake, majarida yake na orodha zake za bei, na miongoni mwa waliojishughulisha nayo walikuwamo wachungaji wa makanisa, mawakili, madaktari na vijana wa shule. Yai la kondori lilikaa juu kabisa ya orodha hizo. Lilipatikana katika mapango ambayo mara nyingi mtu huyafikia kwa kuteremshwa na kamba, na mkusanyaji aliyefika hakuwa na la kuchagua, kwani lilikuwa moja. Bei yake ilifika mamia ya dola wakati ambapo kibarua wa shamba alilipwa dola moja na ushee kwa siku, hivyo si ajabu kwamba baadhi ya wachunga ng'ombe wa milima ile waligeuka wawindaji wa mayai. Mchungaji wa mifugo, huko kama hapa kwetu, huijua nchi kuliko mgeni mwenye ramani.

Hasara waliyoleta inategemea hesabu ya uzazi wa ndege mwenyewe. Kondori huanza kutaga akiwa na umri wa miaka 6 hadi 8. Baba na mama hupokezana kuatamia kwa muda wa wiki nane hivi, kinda hukaa miezi sita hivi kabla ya kuruka, kisha huendelea kuwategemea wazazi kwa miezi mingine mingi, kiasi kwamba jozi iliyofanikiwa kulea mara nyingi hairudi kutaga mwaka unaofuata. Ndege wa namna hii hudumu kwa sababu wakubwa huishi miaka mingi, na ndiyo maana, kwa maoni yangu, wakusanyaji wa mayai wamelaumiwa kupita kiasi kidogo ukilinganisha na wale waliowapiga risasi ndege wakubwa, waliotega mizoga yenye sumu kwa ajili ya mbwa mwitu, na baadaye wawindaji walioacha vipande vya madini ya risasi ndani ya matumbo ya wanyama waliochinjwa porini. Yai lililochukuliwa mapema katika msimu lilikuwa na nafasi ya kufidiwa na jingine, lakini mzazi aliyeuawa alikuwa pengo la miaka.

Nafasi hiyo ya yai kufidiwa ndiyo kiini cha swali lenu. Kwa muda mrefu waliomlinda kondori waliamini kwamba jozi iliyopoteza yai imepoteza msimu mzima, na kwa imani hiyo kumgusa ndege au kiota kulionekana kuwa kumwangamiza. Dalili za kinyume zilikuwapo. Katika miaka ya 1940 hifadhi ya wanyama ya San Diego ilikuwa na kondori wa Andes, ndugu yake wa Amerika Kusini, ambao walipoondolewa yai walitaga jingine. Mwaka 1980 watafiti wa mayai Ed Harrison na Lloyd Kiff walichapisha dalili kwamba kondori wa California wa porini naye aliwahi kufanya hivyo. Uthibitisho wa macho ulikuja mwaka 1982. Watafiti waliokuwa wakitazama pango kwa mbali waliona dume na jike wakigombania nani aatamie, kila mmoja akimsukuma mwenzake, hadi yai likabingirika, likatoka mdomoni mwa pango na kuanguka chini ya jabali. Majuma machache baadaye jozi ile ile ilitaga tena.

Ugomvi ule wa mke na mume ulibadilisha mpango mzima. Kuanzia mwaka 1983 mayai ya kwanza yalichukuliwa kwa makusudi, yakapelekwa kwa helikopta ndani ya sanduku lenye joto hadi San Diego, na jozi zikaachwa zitage tena. Nyingine ziliweza kutaga hata mara tatu katika msimu mmoja. Kinda wa kwanza alitotolewa tarehe 30 Machi 1983 na kuitwa Sisquoc. Hatua hiyo ilifanyika katika wakati wa mwisho kabisa, kwa sababu katika majira ya baridi ya 1984 na 1985 kondori sita wa porini walitoweka na jozi nyingi zikavunjika. Tarehe 19 Aprili 1987 wa mwisho aliyekuwa huru alinaswa, na jumla ya ndege wote ikawa 27, wote wakiwa kifungoni. Kinda wa kwanza aliyetokana na wazazi waliozaliana kifungoni alitotolewa mwaka 1988, kuwarudisha porini kukaanza mwaka 1992, na leo kondori wa California wamezidi 500, wengi wao wakiwa huru.

Afisa mifugo mstaafu, Kongwa, anauliza: Mimi nimepasua mayai mengi katika kazi yangu na sijaona faida ya kutunza ganda. Hao Wazungu waliyatoaje yaliyomo ndani bila kulivunja, na ganda tupu lilimfaa nani?

Jibu: Shikamoo mzee wetu. Kazi yenyewe ilikuwa ya fundi. Walitoboa tundu moja ubavuni mwa yai kwa kekee ndogo yenye ncha ya duara iliyozungushwa kwa vidole viwili, wala hawakutoboa ncha zote mbili kama watoto wanavyofanya. Kisha walielekeza mdomo wa kijibomba chembamba kilichopinda kwenye tundu hilo na kupuliza polepole, upepo ukaingia na ute na kiini vikatokea tundu lile lile. Ganda lilisuuzwa kwa maji yaliyopulizwa ndani, likageuzwa tundu likiangalia chini ili likauke. Yai lililokwisha kuatamiwa siku nyingi lilikuwa balaa, kwa kuwa kiinitete kilipaswa kukatwa vipande ndani kwa ndani kwa mkasi mdogo na kuvutwa kwa ndoano. Kwa hiyo mkusanyaji mwenye akili alipanda jabalini mapema katika msimu. Bila kukusudia, huo ndio wakati ambao jozi ilikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kutaga tena.

Ganda tupu peke yake halikuwa na thamani. Thamani ilikuwa katika kadi. Kila yai liliandikwa namba ndogo karibu na tundu, na namba hiyo ikarejea kwenye kadi yenye aina ya ndege, tarehe, mahali, jina la mchukuaji, idadi ya mayai kiotani, hali ya kiinitete na maelezo ya kiota. Mayai bila kadi yalihesabiwa kuwa mapambo. Kwa bahati mbaya, palipo na fedha hapakosi ghiliba, na wako waliobadilisha tarehe au mahali ili kupandisha bei, jambo linalowasumbua watunzaji wa makumbusho hadi leo.

Faida ambayo wakusanyaji wenyewe hawakuiota ilionekana baada ya nusu karne. Mwaka 1967 Derek Ratcliffe wa Uingereza, akichunguza kwa nini mayai ya kozi yalikuwa yakivunjika viotani, alipima na kulinganisha uzito wa maganda ya zamani na ya karibuni kutoka katika makabati ya wakusanyaji. Akakuta kwamba maganda yalipungua unene ghafla kuanzia mwaka 1947 hivi, wakati ambapo dawa ya kuua wadudu ya DDT ilikuwa imeanza kusambaa mashambani. Hesabu hiyo isingewezekana kama mayai ya miaka ya nyuma yasingekuwapo pamoja na tarehe zake. Yaani wizi wa viota wa kizazi kimoja ukawa ushahidi wa mahakamani kwa kizazi kingine, ingawa sidhani kama hilo linawasafisha wezi.

Kwa kondori, Lloyd Kiff na wenzake walifanya ulinganisho wa aina hiyo na kuuchapisha mwaka 1979. Walichukua vipande vya maganda vilivyookotwa mapangoni miaka ya 1960, wakavilinganisha na mayai kamili ya enzi za wakusanyaji, wakaona kwamba vile vipya vilikuwa vyembamba kwa karibu theluthi moja. Matokeo hayo hayakupita bila kupingwa: mwaka 2003 watafiti wengine waliyapitia upya na kusema kwamba unene wa ganda hutegemea pia ukubwa wa yai, na kwamba DDT haikuwa imethibitishwa vya kutosha kuwa ndiyo iliyomwangusha kondori wakati huo. Mjadala ungali na uhai, kwani kondori waliorudishwa pwani ya kati ya California, ambao hula mizoga ya simba wa baharini wenye mabaki ya DDT mwilini, wamekutwa na maganda membamba wazi wazi. Sehemu kubwa ya mayai ya kale yanayotumika katika kazi hizi imekusanywa sasa katika taasisi ya Western Foundation of Vertebrate Zoology huko Camarillo, California, yenye mayai ya ndege mbalimbali yapatayo milioni moja.

Mama mfugaji wa kuku, Chamwino, anauliza: Nina mashine ya kutotolea vifaranga inayotumia umeme, na karibu mayai yangu yote hutoka vizuri. Mume wangu ameona kiota cha tumbusi juu ya mgunga upande wa Bahi. Kwa kuwa mmesema tumbusi wanapungua, je, tunaweza kulichukua lile yai tukalitotoa, kisha tukamwachia kinda akikua?

Jibu: Mama, nia yako ni njema, lakini jibu ni hapana, na sababu ya kwanza ni ya kisheria. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inalihesabu yai la ndege wa porini kuwa nyara, kama ilivyo pembe au ngozi, na kukutwa nalo bila kibali ni kosa, hata ukieleza kwamba ulikusudia kulea.

Sababu ya pili ni ya kazi yenyewe. Mashine yako umeipanga kwa siku 21 na kwa joto la kuku. Yai la tumbusi mkubwa huhitaji takriban wiki nane, joto la chini kidogo kuliko la kuku, na unyevu unaorekebishwa kwa yai hilo moja badala ya kwa trei nzima. San Diego walilipima kila yai uzito mara kwa mara, kwa sababu yai hupoteza maji kupitia matundu ya ganda, na lisipopoteza kiasi cha kutosha kinda hufia ndani akiwa amevimba, huku likipoteza kupita kiasi hukauka. Walipoona mstari wa uzito unashuka haraka au polepole mno, walilihamishia kwenye mashine yenye unyevu tofauti. Kuanzia ganda linapopata ufa wa kwanza hadi kinda kutoka, kondori huweza kuchukua siku mbili au tatu, na muda wote huo kuna mtu anayekaa na kusikiliza sauti ya kinda, na kama mambo yamekwama humsaidia kwa koleo ndogo akiondoa kipande baada ya kipande.

Baada ya hapo kazi ndiyo inaanza. Kifaranga wako hutoka akidonoa pumba mwenyewe, ilhali kinda wa tumbusi hulishwa mdomoni kwa miezi. Wahudumu walivaa mkononi sanamu ya kichwa cha kondori mzima na kumlisha kinda kupitia tundu ukutani, ili asione sura ya mtu na kumdhania kuwa mzazi wake. Hata kwa uangalifu huo, baadhi ya ndege wa kwanza walioachiliwa walipenda kukaa karibu na nyumba na nguzo za umeme, wengine wakafa, na ilibidi wafundishwe kwa kutumia nguzo za bandia zilizotoa mshtuko mdogo. Kinda wako wa Bahi angeishia kukaa juu ya paa la banda la kuku akisubiri utumbo.

Kumbuka pia kwamba kwa kondori uchukuaji wa mayai ulikuja baada ya kuthibitishwa kwamba jozi zitataga tena, ukafanywa kwa kibali na kwa ndege ambao kila mmoja wao alijulikana. Kile kiota cha Bahi kikiachwa, mama na baba wanajua kazi yao kuliko mashine.

Kijana wa Manyoni, Singida, anauliza: Nimemaliza kidato cha sita na ninapenda ndege. Ninaweza kuchunguza tumbusi wa huku kwetu bila kuwadhuru? Niandike nini, na nikimaliza nimpelekee nani?

Jibu: Unaweza, na uko mahali pazuri, kwa kuwa Manyoni inapakana na mapori ya Rungwa, Kizigo na Muhesi, na kusini yake iko Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Utakaowaona zaidi ni tumbusi mgongo-mweupe, ambao huweka viota vya vijiti kwenye vilele vya miti mirefu. Yupo pia tumbusi mkubwa mwenye ngozi nyekundu iliyokunjamana kichwani na shingoni, ambaye hujenga jukwaa pana juu ya mgunga wenye kilele bapa. Na, ukibahatika, tumbusi kichwa-cheupe, ambaye ni adimu na ambaye Ruaha ni mojawapo ya ngome zake. Tumbusi wa Rüppell, anayezaliana majabalini kama kondori, makoloni yake yanayojulikana yako kaskazini, kwenye milima ya Gol karibu na Serengeti. Wote hao kwa kawaida hutaga yai moja. Mwaka 2015 tumbusi mgongo-mweupe, kichwa-cheupe na wa Rüppell waliwekwa katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, kwa hiyo huna haja ya kwenda California kutafuta tumbusi adimu.

Mfano wa kuigwa ni wa vijana wawili, William Finley na Herman Bohlman, ambao mwaka 1906 walipata habari za kiota cha kondori katika korongo la Eaton, karibu na Los Angeles. Wakati ambapo wenzao wangeteremka na kamba, wakalifunga yai kwa pamba na kuondoka, wao walipanda na kamera nzito ya sahani za vioo, wakapiga picha ya yai, wakarudi tena na tena kwa miezi kadhaa wakimfuata kinda tangu alipokuwa na manyoya laini meupe hadi alipoanza kuota mbawa. Picha zao zilieleza malezi ya kondori kuliko makabati yote ya mayai ya wakati huo. Sifichi kwamba mwishoni walimchukua kinda huyo, wakamwita General, naye akamalizia maisha yake katika hifadhi ya wanyama ya New York. Hiyo sehemu usiige. Carl Koford, aliyeanza utafiti wake mwaka 1939 na kuuchapisha mwaka 1953, alikwenda mbali zaidi: alikaa siku nzima akitazama kwa darubini na kuandika kila tendo pamoja na saa yake. Makadirio yake ya kondori 60 yalikuja kuonekana kuwa ya chini mno, lakini daftari zake za tabia za ndege zingali zinatumika.

Wewe kaa mbali, angalau mita 200 au 300 kutoka kwenye mti, na utumie darubini. Usipande mti wala usikae chini yake. Jua la Manyoni saa saba mchana huweza kuua kiinitete au kinda mdogo kwa muda mfupi tu mzazi akiwa ameruka kwa hofu, na kunguru nao hawasubiri kualikwa. Andika tarehe, saa, aina ya mti na urefu wake kwa makadirio, aina ya ndege, ni ndege wangapi waliopo, nani yuko juu ya kiota na nani ameleta chakula. Andika pia siku ambazo hukuona kitu, kwa maana siku hizo ndizo zitakazoonyesha kiota kiliachwa lini. Ukiwa na simu yenye uwezo wa kupata majira ya mahali (namba za GPS), yahifadhi, ila usiyabandike mitandaoni, kwa sababu wapo wanaotafuta vichwa vya tumbusi kwa ajili ya uganga na hutega sumu mahali ndege wanapojulikana kukaa.

Kumbukumbu zako zitapokelewa na Tanzania Bird Atlas, mradi ambao kwa miaka mingi umekusanya taarifa za ndege wa nchi nzima, au na Nature Tanzania, shirika mshirika wa BirdLife International hapa nchini. Watafiti wanaowafuatilia tumbusi wa eneo la Ruaha kwa vifaa vya setilaiti vilivyofungwa mgongoni mwa ndege nao wanahitaji habari za viota vilivyo nje ya hifadhi, ambako vifaa hivyo huonyesha ndege amepita lakini havisemi alichokikuta. Na ukikuta tumbusi kadhaa wamekufa kuzunguka mzoga mmoja wa ng'ombe au punda, usiguse chochote kwa mkono mtupu na uwazuie mbwa na watoto, kwa kuwa dawa za mashambani zinazopakwa kwenye mizoga kwa ajili ya simba na fisi zina nguvu ya kumuua hata binadamu. Piga picha ukiwa mbali, kisha toa taarifa siku hiyo hiyo kwa ofisi ya wanyamapori ya wilaya au kituo cha askari wa pori kilicho karibu.